Mlango wa Mahakama Usifungwe



Asubuhi moja, nje ya lango la mahakama moja, walisimama akina mama saba wa Jumuiya zetu Ndogo Ndogo. Watoto wao walikuwa wamekamatwa siku ya maandamano, na siku hiyo walikuwa wanasomewa mashtaka. Askari wa lango aliwaambia kwamba chumba kimejaa. Wakangoja juani. Ilipofika saa sita, kesi zikiwa zimekwisha, karani mmoja mwenye huruma aliwaambia kwamba mabenchi mawili ya nyuma yalikuwa matupu tangu asubuhi. Wakati huo vijana walikuwa wamekwisha kupandishwa gari la rumande. Mama mmoja alirudi nyumbani bila kujua mwanawe ameshtakiwa kwa kosa gani, wala kama alipewa dhamana, wala kama aliweza kusimama kwa miguu yake mwenyewe alipokuwa kizimbani.

Hakuna hakimu aliyetoa amri ya kuwazuia akina mama hao. Hakuna sababu iliyoandikwa katika faili. Palikuwa na lango, askari, na maneno mawili: chumba kimejaa.

Wako watakaosema kwamba hilo ni jambo dogo. Sisi tunasema si dogo hata kidogo. Mtu anaposhtakiwa kwa jina la Jamhuri, anashtakiwa kwa jina letu sote. Wanaomhukumu gizani wanatumia jina letu bila kutuonyesha wanalitumia kwa kazi gani. Kwa hiyo kufunga mlango wa mahakama bila sababu ya haki ni dhuluma, hata kama hukumu iliyotolewa ndani ilikuwa sahihi.

1. SHERIA INASEMA NINI

Tuanze na sheria, maana wengi wetu huingia mahakamani kwa woga kana kwamba tunaomba kuingia sebuleni kwa mtu. Mahakama si nyumba ya hakimu, wala si kambi ya polisi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 50, inampa kila mtu haki ya shauri lake kuamuliwa kwa usawa na kwa uwazi, na inampa kila mshtakiwa haki ya kushtakiwa hadharani. Ibara ya 25 inaihesabu haki ya kesi ya usawa miongoni mwa haki chache mno ambazo haziwezi kupunguzwa. Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, Sura ya 75, katika kifungu cha 77, inasema kwamba mahali panapoendeshwa kesi ya jinai pahesabiwe kuwa mahakama ya wazi, ambayo umma unaweza kuingia kwa kadiri ya nafasi iliyopo. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 linasema vivyo hivyo. Mapatano ya Kimataifa ya Haki za Kiraia na Kisiasa ya mwaka 1966, ambayo Kenya ilijiunga nayo mwaka 1972, yanasema vivyo hivyo katika ibara ya 14.

Je, sheria hairuhusu mlango kufungwa kamwe? Inaruhusu. Ibara hiyohiyo ya 50 inasema kwamba umma na wanahabari wanaweza kuondolewa iwapo ni lazima ili kuwalinda mashahidi au watu wanyonge, maadili, utaratibu wa umma au usalama wa taifa. Lakini tuangalie maneno mawili. La kwanza ni «lazima». Ibara hiyo haisemi «iwapo inafaa» au «iwapo wakubwa wanapenda». Inataka ulazima unaoeleweka katika jamii huru ya kidemokrasia. La pili ni nani anayeamua. Kifungu cha 77 kinampa mamlaka hayo jaji au hakimu anayeisikiliza kesi. Hakimpi askari wa lango, wala mwendesha mashtaka, wala mkuu wa polisi wa wilaya. Askari anayemzuia mama langoni bila amri ya hakimu amejivika joho la hakimu.

2. MLANGO UNA MAKOMEO MENGI

Historia yetu inatufundisha kwamba mlango wa mahakama hufungwa kwa njia nyingi, na kwamba mara nyingi hakuna anayetangaza kwamba umefungwa.

Mwaka 1952 serikali ya mkoloni ilitangaza hali ya hatari na kuwakamata Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba. Hawakushtakiwa Nairobi, kulikokuwa na wafuasi wao. Walipelekwa Kapenguria, mbali kaskazini-magharibi, katika wilaya iliyofungwa, ambamo mtu hakuruhusiwa kuingia bila kibali. Hapakuwa na reli wala hoteli. Mawakili wakiongozwa na D. N. Pritt kutoka Uingereza walilazimika kulala Kitale na kusafiri kwenda na kurudi. Kesi iliendeshwa katika chumba cha darasa, mbele ya Ransley Thacker, jaji mstaafu aliyerudishwa kazini kwa ajili ya kesi hiyo. Mkoloni angeweza kusema kwamba mlango wa darasa lile haukuwa na komeo, na angesema kweli. Komeo lilikuwa umbali. Komeo lilikuwa kibali.

Tarehe 8 Aprili 1953 wote sita walihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Baadaye Oneko alishinda rufani yake, lakini hakuachiliwa. Shahidi mkubwa wa upande wa mashtaka alikuwa Rawson Macharia. Mwaka 1958 mtu huyohuyo aliapa kiapo kwamba ushahidi alioutoa ulikuwa wa uongo, na kwamba alikuwa ameahidiwa malipo, pamoja na masomo Uingereza. Serikali haikumshukuru kwa kusema. Ilimshtaki kwa kiapo hicho kipya, na mwaka 1959 akafungwa. Tujiulize: shahidi wa namna hiyo angethubutu kusema aliyoyasema kama kesi ingesikilizwa katikati ya watu waliomfahamu, waliojua alikuwa wapi siku aliyoitaja na alikuwa na nani? Uongo hupenda kusafiri mbali na wanaojua ukweli.

Uhuru ulikuja mwaka 1963. Tungetarajia kwamba waliofungiwa mlango na mkoloni wasingewafungia wenzao. Lakini kuanzia mwaka 1986, wakati wa msako wa wale walioitwa Mwakenya, wahadhiri, wanafunzi, wakulima na watumishi wa serikali walikamatwa na kupelekwa katika vyumba vya chini ya ardhi vya Nyayo House, katikati ya jiji la Nairobi. Huko walipigwa, wakanyimwa chakula, na wengine wakafungiwa katika vyumba vilivyojazwa maji. Walipokubali kukiri, walipelekwa mahakamani. Walipelekwa saa ngapi? Wengi walipelekwa jioni, baada ya saa za kazi, wakati makarani wamekwenda, mawakili wamekwenda, na wananchi wamekwenda kutafuta matatu za kurudi nyumbani. Hawakuwa na mawakili. Walijua kwamba wakikana, watarudishwa walikotoka. Mashtaka yalisomwa, wakakiri, wakafungwa, na yote hayo yalikwisha katika dakika chache.

Hapa tena hakuna aliyeandika kwamba mahakama imefungwa. Komeo lilikuwa saa ya ukutani. Lau wake zao, ndugu zao au mapadre wao wangekuwa kwenye mabenchi yale, wangeona miguu iliyovimba. Wangeuliza. Hakimu mwenyewe, akijua kwamba anatazamwa, pengine angeinua macho kutoka kwenye karatasi na kuuliza pia. Wakili Gibson Kamau Kuria alijaribu kuyaleta mateso hayo mbele ya mahakama; mwaka 1987 naye akawekwa kizuizini. Ilichukua miaka mingi ukweli kutoka chini ya ardhi. Mwaka 2003 vyumba vile vilifunguliwa umma ukaviona. Mwaka 2010 Mahakama Kuu iliwapa fidia watu 21 walioteswa humo. Tunaishukuru mahakama hiyo. Lakini fidia ya mwaka 2010 haimrudishii mtu ujana alioupoteza gerezani kwa sababu jioni moja ya mwaka 1986 hapakuwa na jicho la mtu katika chumba cha mahakama.

Wala tusidhani kwamba hayo yamepita. Mwezi Mei 2025 Martha Karua, aliyepata kuwa Waziri wa Haki wa Kenya, na Willy Mutunga, Jaji Mkuu mstaafu, walisafiri kwenda Dar es Salaam ili wahudhurie kesi ya uhaini ya Tundu Lissu. Kila mmoja alizuiliwa alipowasili na kurudishwa Kenya. Hawakuwa na silaha. Walitaka kuketi na kusikiliza. Komeo safari hii lilikuwa uwanja wa ndege. Na sisi Wakenya tusicheke jirani, maana komeo la akina mama wetu saba lilikuwa ni maneno mawili ya askari.

3. WANAOTETEA MLANGO ULIOFUNGWA

Tunawasikia wanaopinga, nasi tunataka kuwajibu kwa heshima.

Wanasema: mashahidi wanatishwa. Ni kweli, na shahidi aliyeuawa ni aibu ya taifa zima. Ndiyo maana ipo Sheria ya Kuwalinda Mashahidi ya mwaka 2006. Shahidi aliye hatarini na awekewe pazia, na jina lake lifichwe, na watu watolewe kwa saa ile anayotoa ushahidi wake. Akimaliza, mlango ufunguliwe. Hatari ya shahidi mmoja isigeuzwe kuwa pazia la kesi nzima.

Wanasema: kuna watoto, na kuna waliobakwa. Hapa hatubishani hata neno moja. Mtoto aliye mahakamani hapaswi kuwa maonyesho. Mwanamke aliyedhulumiwa hapaswi kuyasimulia maumivu yake mbele ya kundi la vijana waliokuja kucheka. Tunawaomba waamini wetu wenyewe wasiende kwenye kesi za namna hiyo kwa udadisi, na wanapoambiwa watoke, watoke upesi na kwa heshima.

Wanasema: wananchi hufanya fujo. Basi atolewe anayefanya fujo. Mwalimu hafungi shule kwa sababu mwanafunzi mmoja amepiga kelele.

Wanasema: vyumba ni vidogo. Mara nyingi ni vidogo kweli, tumeviona. Basi watu waingie kwa mpangilio, aliyetangulia kufika atangulie kuingia, na jamaa za mshtakiwa pamoja na jamaa za aliyekosewa wapewe nafasi kwanza. Kesi inayojulikana kuwa na watu wengi ihamishiwe chumba kikubwa. Lakini benchi lisiwe tupu ndani huku mama anasimama juani nje.

Wanasema: siku hizi kuna video. Tangu Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, mahakama zetu zilianza kusikiliza kesi nyingi kwa mtandao, na jambo hilo limewasaidia wengi walio mbali. Hatulikatai. Lakini kesi ya mtandaoni ambayo anwani yake haikutangazwa ni mahakama iliyofungwa. Tena kamera huonyesha uso, haionyeshi miguu. Na mahabusu anayeulizwa na hakimu kwa video kama amepigwa, huku askari jela ameketi pembeni yake, atajibu nini?

Na wako wanaotuambia kwa upole: waacheni mahakimu, wao ni watu wa haki. Tunajua kwamba wengi ni watu wa haki. Kwa ajili yao hasa tunataka mlango uwe wazi. Hakimu mwaminifu akimwachilia mshtakiwa kwa sababu ushahidi haukutosha, na watu hawakuusikia ushahidi huo, mtaani watasema amekula rushwa. Kisha watasema mahakama haina maana. Kisha siku nyingine, mwizi wa kuku akikamatwa, watatafuta tairi na petroli. Ndugu zetu wangapi wamechomwa moto na watu waliokwisha kukata tamaa na mahakama? Kesi ya wazi humlinda hakimu dhidi ya fitina, humrudisha kijijini na jina safi yule asiye na hatia, na humfundisha kijana kwamba iko njia nyingine kuliko kiberiti.

4. NENO LA MUNGU NA DESTURI YETU

Wazee wetu hawakuhukumu kesi chumbani. Kiama cha Wagikuyu na kokwet ya Wakalenjin zilikutana hadharani. Mabaraza hayo yalikuwa na kasoro zake. Mara nyingi mwanamke hakupewa nafasi ya kunena. Lakini hukumu ilijulikana na kila mmoja, pamoja na sababu zake. Walijua kwamba penye wengi hapaharibiki neno.

Katika Israeli ya kale vilevile, haki ilitolewa langoni mwa mji, mahali ambapo kila mtu alipita akienda shambani au sokoni. Boazi aliwaita wazee kumi langoni ili shauri la Ruthu likamilishwe mbele ya watu (Ruthu 4). Nabii Amosi aliwakaripia matajiri waliowasukuma maskini langoni, akawataka wasimamishe haki mahali hapohapo (Amosi 5). Lango la mji lilikuwa ndipo mahali pa haki. Sisi leo tumeligeuza lango kuwa mahali pa kuwafukuzia watu.

Tusome tena habari ya Susana katika kitabu cha Danieli, sura ya 13. Wazee wawili, nao ni waamuzi, walimtamani mwanamke mwaminifu. Alipowakataa wakamsingizia uzinzi. Watu waliwaamini kwa sababu ya cheo chao. Susana alihukumiwa kufa, akawa anaongozwa kwenda kuuawa. Ndipo kijana mmoja katika umati akapaza sauti na kukataa kushiriki damu hiyo. Danieli alidai kesi irudiwe, akawatenga wazee wale, akamwuliza kila mmoja peke yake ni chini ya mti gani waliouona uzinzi huo. Mmoja akataja mti huu, mwingine akataja mti mwingine. Uongo ukafichuka mbele ya mkutano wote.

Ndugu wapendwa, Danieli alikuwa nani katika kesi ile? Hakuwa hakimu. Hakuwa wakili. Hakuwa shahidi. Alikuwa mmoja wa watu waliokuja kutazama. Kama wazee wale wangekuwa na askari wa lango wa kumwambia kijana huyo kwamba chumba kimejaa, Susana angekufa.

Bwana wetu mwenyewe alikamatwa usiku na kupelekwa nyumbani kwa kuhani mkuu. Alipoulizwa juu ya mafundisho yake, alijibu kwamba alikuwa amefundisha hadharani, na kwamba hakusema lolote kwa siri (Yohane 18). Yeye aliyenena mchana alihojiwa usiku. Kila Ijumaa Kuu tunayasikia hayo na kuhuzunika. Lakini huzuni ya Ijumaa Kuu isiyotufikisha kwenye mabenchi ya mahakama siku ya Jumatatu ni huzuni nusu.

Hata hivyo, tusidanganyane kwamba mlango ulio wazi unatosha. Nabothi alishtakiwa mbele ya watu wote wa mji wake, na bado alipigwa mawe kwa ushahidi wa watu wawili wabaya, ili mfalme Ahabu apate shamba lake la mizabibu (1 Wafalme 21). Watu walikuwapo, lakini walinyamaza. Tofauti ya kesi ya Susana na kesi ya Nabothi ni mtazamaji mmoja aliyekuwa na moyo.

5. WAJIBU WETU

Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1971 ilitufundisha kwamba kutenda kwa ajili ya haki ni sehemu halisi ya kuihubiri Injili. Ilisema pia kwamba Kanisa linalonena juu ya haki lazima lenyewe lionekane kuwa la haki, na kwamba katika hukumu za Kanisa mshtakiwa awajue wanaomshtaki na apate kujitetea. Kwa hiyo kabla hatujanyosha kidole kuelekea mahakamani, tutazame parokia zetu. Katekista anapoondolewa kazini au mweka hazina anaposhukiwa, je, tunamsikiliza mbele ya halmashauri, au tunamaliza mambo kwa kunong'onezana nyuma ya sakristia?

Kwa viongozi wa mahakama tunasema: amri ya kuwatoa watu itolewe na hakimu, itolewe kwa sauti, pamoja na sababu yake, na iandikwe katika faili. Orodha ya kesi za siku ibandikwe mahali pa kuonekana. Mtu asisomewe mashtaka wakati mahakama imekwisha kuwa tupu.

Kwa polisi tunasema: kazi yenu langoni ni kukagua silaha. Kuchagua nani asikie haki ikitolewa si kazi yenu.

Kwa waamini tunasema: nendeni. Kila parokia ichague watu wasiopungua wanne, wanawake kwa wanaume, wa kuhudhuria mahakama kwa zamu. Wavae kwa heshima, wazime simu, wasimame hakimu anapoingia, wasirekodi, wasinong'one. Waandike tarehe, namba ya kesi, saa ya kuanza na saa ya kumaliza, kama mshtakiwa alikuwa na wakili, na kama alionekana kuwa na majeraha. Wakizuiliwa langoni, waulize kwa upole: amri hii imetolewa na hakimu yupi, na kwa sababu gani? Waandike jibu. Kisha jambo hilo lipelekwe na Tume ya parokia kwenye Kamati ya Watumiaji wa Mahakama ya mahali pale, na nakala iletwe kwetu. Wasiende kwa watoto wetu tu. Waende pia kwa kesi ya mtu asiye na ndugu, na ya mtu wa kabila lingine, na ya mtu ambaye mtaa mzima unamchukia. Huyo ndiye anayehitaji zaidi mtu wa kumtazama.

Wale akina mama saba walirudi juma lililofuata. Safari hii walikuwa ishirini na mmoja, pamoja na paroko. Waliuliza swali tuliloliandika hapo juu. Askari aliingia ndani kuuliza, akatoka, akafungua lango. Yule mama tuliyemtaja aliketi benchi la nyuma. Mwanawe alipoingizwa kizimbani aligeuza kichwa, akamwona.

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA

1. Ni nani kati yetu aliyewahi kuhudhuria kesi ya mtu asiye jamaa yake? Aliona nini?
2. Soma Danieli 13 na 1 Wafalme 21. Katika mtaa wetu, nani ni Susana? Nani ni Nabothi? Sisi tumesimama wapi?
3. Ni wakati gani inafaa tutolewe mahakamani, na ni wakati gani inafaa tuulize sababu?
4. Jumuiya yetu itamtoa nani kwa zamu ya mahakama mwezi ujao?

Kristo, Jua la Haki, atuangazie.

Tume ya Haki na Amani